Posho Tulimtafutia, Kamba Hatukumtafutia



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu kazi yenu ni ya nchi kavu. Mnakata miwa Kakira, mnaangalia mitambo ya nguo Jinja, mnachagua kahawa Mbale. Huenda mkauliza chama kina habari gani na mambo ya kupiga mbizi. Tunawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa maana habari hii inatuhusu sote, na kosa lililomo ndani yake si la mwajiri peke yake. Sehemu moja ni yetu sisi wenyewe viongozi wa chama.

Kando ya ziwa upande wa Jinja kuna kiwanda kimoja. Jina lake hatulitaji, kwa sababu shauri lake limekwisha na tuliyopatana tumepatana. Kiwanda hicho huvuta maji ziwani kwa pampu. Bomba linatoka nyumba ya pampu, linapita chini ya mawe ya ufukoni, na mdomo wake uko ndani ya maji, kina cha mtu mmoja na nusu au wawili. Mdomoni kuna wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Wavu ukijaa uchafu, pampu inakohoa, maji yanapungua, na kazi inasimama.

Uchafu mkubwa ni magugu maji. Wazee wanakumbuka ziwa letu halikuwa nayo zamani. Yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yalifunika ghuba nzima, mitumbwi ikashindwa kutoka, hata mitambo ya umeme ya Owen Falls, ambayo leo inaitwa Nalubaale, ikapata taabu. Waliletwa wadudu wadogo wa kuyala, na yakapungua sana kufika mwaka 1998, lakini hayakwisha. Mwezi wa Aprili 2020 kisiwa cha majani kilichokuwa kikielea kilikwenda kuziba njia za maji za Nalubaale, nchi nzima ikakosa umeme. Kama ukuta mkubwa uliofunguliwa mwaka 1954 unaweza kuzibwa na majani, je, bomba la kiwanda kimoja?

Basi katika kiwanda hicho alikuwapo mwenzetu wa nyumba ya pampu. Kabla ya kuajiriwa alikuwa mvuvi wa visiwani, na maji ameyajua tangu utoto. Wavu ukiziba, msimamizi alimwita yeye. Alivua shati, akaingia kwa miguu kutoka ufukoni, akapita mawimbi, akazama, akang'oa majani kwa mikono, akapanda kuvuta pumzi, akazama tena. Mara sita, mara kumi. Hakuwa na kamba wala miwani ya majini, na mwenzi wa kuingia naye hakuwapo. Akimaliza alirudi kazini na suruali mbichi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi hatukulifikiri mapema. Siku ziwa limetulia, magugu hukaa mbali, na wavu hauzibi. Wavu huziba siku ya upepo. Mchana jua linapasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya moto inapanda juu, na upepo kutoka ziwani unakuja kujaza nafasi yake. Upepo huo unasukuma mawimbi na magugu pamoja, vyote vinakuja ufukoni kwetu. Kwa hiyo mbizi haikuhitajika hata mara moja siku ya maji matulivu. Kila alipoitwa, aliitwa siku mbaya, na mara nyingi saa mbaya ya alasiri.

Tena mtu asidhani mawimbi ya ziwa ni mchezo kwa kuwa si bahari. Wimbi likifika mahali ambapo kina cha maji kimekaribia urefu wake, miguu yake inakwama chini, kichwa kinaanguka mbele, nalo linavunjika. Hapo ndipo linapobeba mawe na kumwangusha mtu. Likirudi nyuma linavuta miguu. Mahali pa kuingilia na kutokea ndipo pabaya kuliko penye kina. Mtu aliyechoka kwa kuzama mara kumi hana budi kupita hapo tena akirudi, na nguvu zake zimekwisha.

Mwenzetu alilalamika kwa chama. Alisema kazi hiyo haimo katika mkataba wake. Tulikwenda kwa meneja, tukazungumza vizuri, na tukashinda. Tulipata posho: kila akizama analipwa juu ya mshahara wake. Tuliandika, tukatia sahihi. Tulirudi kwenye tawi kwa furaha na wenzetu wakatupigia makofi. Yeye mwenyewe alishukuru, kwa maana alikuwa na watoto shuleni.

Ndugu, hilo ndilo kosa letu. Aliyekuja kwetu alikuja na hatari, tukamrudishia fedha. Hatari tukaiacha palepale majini.

Miezi ikapita. Siku moja upepo ulikuwa mkali na maji yamebadilika rangi. Pampu ilizimwa kama desturi, mwenzetu akaingia. Msimamizi alisimama ufukoni kidogo, kisha akaitwa simu ofisini, akaondoka. Saa tisa zamu ikabadilika. Kijana wa zamu mpya akaingia nyumba ya pampu, akakuta pampu imezimwa na huku kiwandani wanapiga kelele za maji. Hakuna aliyemwambia kuna mtu chini. Hakuona karatasi yoyote, wala kufuli kwenye swichi. Akawasha.

Hapa tueleze nguvu ya bomba, kwa sababu watu wengi hudhani mwenye misuli anaweza kujivuta. Fanyeni hesabu nasi. Chukueni tundu la sentimita 30 kwa 30. Ikiwa mvuto wa pampu ni sawa na maji yaliyosimama wima mita 5, basi uzito unaokandamiza kitu kilichoziba tundu hilo ni kilo 450. Hayo ni magunia 9 ya sukari ya kilo 50. Wekeni magunia 9 juu ya mkono wa mtu, halafu mwambieni auchomoe, naye yuko chini ya maji na pumzi imekwisha. Hakuna bingwa wa jambo hilo. Dawa ni moja tu, kuzima pampu.

Wavu ulikuwa umeoza upande mmoja, na mkono wake wa kulia uliingia hapo mpaka kiwiko.

Aliyemwokoa hakuwa mtu wa kiwanda. Alikuwa mama mmoja aliyekuwa anafua nguo mawe ya pili. Alikuwa akimwona akizama na kupanda, akizama na kupanda. Safari hii aliona hakupanda. Alipiga yowe, akakimbia na sabuni mikononi mpaka kwenye mlango wa nyumba ya pampu, akamwambia kijana, "Zima! Mtu yuko chini!" Kijana akazima. Wavuvi wawili waliokuwa wakikausha nyavu wakaingia na mtumbwi wakamtoa. Alitapika maji mengi, lakini alipumua. Mfupa wa mkono ulivunjika mahali pawili.

Tulimkuta hospitali. Tulikuwa watatu wa kamati, tumebeba maziwa na mkate. Alituangalia, akasema neno ambalo hatujalisahau: "Posho mlinitafutia vizuri. Kamba hamkunitafutia."

Hatukuwa na jibu. Tulikaa kimya, kisha tukamwomba radhi.

Siku iliyofuata upande wa mwajiri walituonyesha karatasi ile. Walisema mtu huyu alikubali mwenyewe, na chama kilikubali, sahihi zenu hizi hapa. Ndipo tulipofahamu kwamba posho ya hatari ina meno mawili. Inamlisha mfanyakazi leo, na kesho inatumika kusema kwamba aliuza maisha yake kwa hiari.

Tulirudi kwa wanachama wa tawi, tukakiri. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mzee mmoja wa karakana alituambia methali, "Mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni." Maana yake sisi tulikuwa tunapiga mbizi mezani, kwenye karatasi, bila kujua maji. Akaongeza nyingine: "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Akatushauri twende ufukoni tukaone kwa macho kabla ya kuzungumza tena na meneja.

Tulikwenda. Tulisimama pale saa tisa alasiri, siku ya upepo. Hatukuingia hata magotini. Ilitosha.

Baada ya hapo tulitafuta kujua wazamiaji wa kweli wanafanya nini. Katika klabu za wazungu wanaozama kwa kujifurahisha, kama ile ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1953, jambo linalofundishwa mapema ni kutozama peke yako. Kila mtu ana mwenzi, wanaangaliana kwa macho, na mawimbi yakiwa makubwa ufukoni wanarudi nyumbani bila aibu. Wazamiaji wa kazi, wanaotengeneza bandari na nguzo za madaraja, wana kikosi: mmoja majini, mmoja ameshika kamba yake juu, mmoja amevaa tayari kumfuata, na msimamizi ambaye hana kazi nyingine saa hiyo. Hao wana hewa, vifaa na mafunzo, na bado hawaendi peke yao. Mwenzetu alikwenda na suruali yake tu.

Tulijifunza pia jambo la pumzi. Wengi wetu tuliolelewa karibu na maji tunapenda kuvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, tukidhani tunajaza hewa. Kumbe tunaondoa ile hewa chafu mwilini ambayo ndiyo humwambia mtu "panda juu sasa". Kengele inakatika. Mtu anazimia chini bila kusikia shida yoyote, na walio juu wanadhani ni hodari sana wa kukaa majini. Tena kuna kichocho, kinachokaa ndani ya konokono wa majini na kuingia kwenye ngozi ya anayekanyaga ufukoni. Dawa yake ipo, lakini mtu sharti apimwe. Kwa miaka yote ile hakuna aliyempeleka mwenzetu kupimwa.

Wengine watasema: lakini wako watu waliojitosa peke yao na wakaokoa maisha. Ni kweli, na tunawaheshimu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika ziwa letu hili karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilikuwa na watu 43, na 19 walikufa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alifika upesi na wenzake kwenye mlango wa nyuma, abiria wakatoka. Kisha akapiga mbizi upande wa marubani akafunga kamba mlangoni. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia. Alizindukia hospitali. Serikali ya Tanzania ilimsifu, na Rais akaagiza apewe kazi katika jeshi la zimamoto na uokoaji.

Tazameni vizuri habari hiyo. Shujaa yule alikuwa na wenzake, na mitumbwi mingine ilikuwapo. Alipozimia, watu walimchukua. Angekuwa peke yake, hesabu ingekuwa 20. Isitoshe, yeye alizama kuokoa roho za watu. Mwenzetu alizama kuokoa saa mbili za kazi ya kiwanda. Hakuna sababu ya kumtaka mtu ushujaa kwa ajili ya bomba.

Katika mazungumzo mapya hatukuomba hata shilingi moja ya posho. Tulidai mambo matatu. La kwanza, wavu utiwe kwenye reli na mnyororo, uvutwe juu kwa winchi kutoka kwenye daraja dogo la mbao, usafishwe nchi kavu. La pili, magogo na mapipa matupu yafungwe pamoja na kuelea mbele ya bomba ili kuzuia magugu yasifike. La tatu, swichi ya pampu iwe na kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi kwenye wavu, si kwa msimamizi wala kwa mlinzi. Meneja alisema ni gharama kubwa. Fundi wa karakana, mwanachama wetu, akapiga hesabu ya chuma na mbao mbele yake. Ilichukua mikutano mingi, lakini winchi ipo leo. Hakuna anayezama tena pale.

Mwenzetu alilipiwa matibabu, na fidia ilikuja baada ya kufuata kwa muda mrefu. Siku hizi anakaa getini. Mkono wa kulia haukunji ngumi sawasawa. Tukipita anatusalimu vizuri, nasi tunamsalimu, lakini kila mara tunaangalia ule mkono kwanza.

Habari hii tuliipeleka Mbale, kwenye mkutano wa wenzetu wa kahawa na viwanda. Tulipita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi, tukavuka bonde la Mpologoma. Tulidhani watu wa mlimani watasema hayo ni mambo ya ziwani. Kumbe wao walikuwa na yao. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, mito ya Nabuyonga na Namatala pamoja na mingine ikafurika, maji yakaingia mjini na watu zaidi ya 20 wakafa. Mama mmoja mzee, mchaguaji wa kahawa, alisimama mkutanoni akaeleza kwamba asubuhi yake wafanyakazi wengine walijaribu kuvuka maji kwenda kazini, kila mtu kwa wakati wake, kwa kuogopa kukatwa siku.

"Nyinyi mnasema mtu asiingie majini peke yake," alisema. "Lakini ni nani aliyemsukuma aende peke yake? Ni ile siku ya mshahara. Kamati yenu iende ikaseme habari ya siku ya mshahara, halafu ndiyo mtufundishe kamba."

Mkutano wote ulimwitikia. Nasi tuliandika neno lake kama alivyolisema, kwa maana lilitupita sisi. Maji yaendayo kasi hayahitaji kina. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji ya magoti yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mfanyakazi analijua hilo, lakini akifikiri mshahara uliokatwa anavuka. Tawi la Mbale limeazimia kudai kwamba siku ya mafuriko mtu asikatwe mshahara kwa kungoja maji yapungue. Dai hilo tunaliunga mkono, na tunaomba matawi mengine yalichukue.

Kwa hiyo, ndugu, tunaomba kila tawi lisome mambo haya mkutanoni na kuyajadili:

1. Kazi ya hatari isipewe bei kabla ya kuulizwa: je, inaweza kuondolewa kabisa? Posho ije mwisho, isije kwanza.

2. Asiingie mtu peke yake majini, wala ndani ya tangi, shimo au bomba. Awepo wa kushika kamba, na aliye juu asiitwe simu wala kutumwa chai.

3. Mtambo uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli. Ufunguo ukae kwa aliye hatarini.

4. Zamu ikibadilika, wanaotoka wawaambie wanaoingia kwa mdomo na kwa karatasi. Kijana yule aliyewasha pampu hakuwa mbaya. Hakuambiwa.

5. Aliyesimama juu asimwingilie anayezama bila kufikiri. Kwanza kelele, kisha swichi, kisha kamba au mtumbwi. Mama yule hakujitosa. Alikimbilia swichi, na ndiyo maana mwenzetu yu hai.

6. Mtu akikataa kazi kwa hofu ya kweli, tawi lisimame naye siku hiyohiyo.

Kuhusu hilo la mwisho msiogope. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe. Mwezi wa Juni 2022 mkutano wa shirika hilo huko Geneva ulitia usalama kazini miongoni mwa haki za msingi, zinazopasa kuheshimiwa na kila nchi mwanachama. Hapa Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Tuna pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, ambayo kwa mtu aliyekufa kazini na kuacha wanaomtegemea imeweka malipo ya mishahara ya miezi 60. Lakini fikirini wenyewe: miezi 60 ni miaka 5. Mtoto aliye darasa la kwanza baba yake akifa, fedha hiyo hata katika hesabu haimfikishi mwisho wa shule ya msingi. Sheria ya fidia ni nzuri, ila kamba ni nzuri zaidi.

Mkiona wavu, shimo au mto ambao mwenzenu anaingia peke yake, leteni habari kwa kamati ya tawi leo, msingoje mkutano wa mwezi. Na sisi wa kamati, kabla ya kukaa mezani na mwajiri, tutakuja kwanza kuona maji.

Umoja ni nguvu.